Desemba hii, msikize msusi wako

Kila Desemba saluni za Kitengela hujaa wasichana wenye simu mkononi. "Nataka hii." Hii ni picha ya nywele za rangi ya majivu, imepigwa chini ya taa kali, na pengine ni wigi.

Nimekuwa mmoja wao. Msusi aliniambia, "Haitatoka leo, mrembo. Itabidi umerudi mara tatu." Sikutaka kusikia. Nywele nyeusi zikipakwa blichi huwa nyekundu kwanza, kisha rangi ya chungwa, ndipo zifike manjano. Majivu huja baada ya hapo. Mimi nililazimisha zote siku moja, zangu zikabaki kwenye kitana. Na bado nikamzomea yeye!

Si eti rangi ni ugeni huku Kajiado. Morani wa Kimaasai wamekuwa wakipaka nywele udongo mwekundu na mafuta tangu zamani, na hakuna aliyezichoma kwanza.

Mwaka huu nimeitisha maruni, bila blichi. Ndani ya nyumba utadhani ni nyeusi tu. Nikitoka juani inawaka. Anayetaka majivu asuke rasta za rangi hiyo, Januari azifumue.