Kinga ya Kwanza ya Dada Yetu: Asiyepanda Asichague

Vijana wenzetu, na zaidi nyinyi dada zetu,

Kwenye ukurasa huu mumezoea kutusoma juu ya barabara mbovu, maji na umeme. Leo tunaongea juu ya kinga. Ndiyo, kinga, velo, baiskeli, iteni vile munapenda. Musikimbie, habari ni ya pesa na ni ya miguu yetu wenyewe.

Tuko na rafiki, tumuite Masika. Hapa Butembo kila avenyu iko na Masika watano, kwa hiyo hamutamjua. Ana lisansi yake ya afya ya jamii, sawa vile sisi tuko na zetu, zimefungwa ndani ya plastiki chini ya godoro. Kisha miaka miwili ya kutafuta, akapata kazi kidogo: kupita nyumba kwa nyumba na kuandika watoto wasiopata chanjo. Wanalipa kwa fishi. Lakini toka Furu mpaka mitaa ya mbali ya Katwa ni pikipiki asubuhi, pikipiki jioni, na motari alikuwa anakula nusu ya fishi zote. Masika akafanya hesabu, akaona: nikipata kinga ya milima, ile yenye pine pana na vitesi, pesa inabaki kwangu.

Alikuwa na dola 90. Akazipatia yaya wake wa kiume akamununulie, juu "kinga ni mambo ya wanaume". Yaya akaleta kinga mpya, rangi ya zambarau, maua kwenye kadre, amortisa mbele, amortisa nyuma, vitesi 21, kikapu. Sisi wote tulipiga picha nayo. Wiki tatu tu, pedali ya kushoto ikaanguka kwenye mupando, na shimo lake ndani ya mkono wa pedali likawa limekwanguka kabisa. Gurudumu la nyuma lilikuwa linacheza sawa mtu amekunywa. Masika akarudi kwa motari.

Hapo ndipo tuliketi chini kujifunza. Haya ndiyo tunayoamini sasa, na wenye kutukatalia wakuje tubishane.

Kwanza, yule atakayepanda ndiye aende sokoni. Si yaya, si mchumba, si mjomba mwenye kujua mafundi. Yaya wa Masika hakuwa mtu mbaya, alichagua kwa macho. Kinga inachaguliwa kwa mapaja, mikono na matako, na hivyo havikopeshwi. Simama juu ya kinga, bomba la juu likiwa katikati ya miguu, nyayo zote mbili chini. Lazima ubaki na nafasi ya vidole vitatu au vine, la sivyo siku utateleza kwenye matope utalia. Kisha keti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila kiuno kuhama. Hicho ndicho kimo cha kiti chako. Kama inabidi kuvuta bomba la kiti kupita alama ya mwisho iliyochorwa juu yake, kadre ni ndogo kwako, acha. Mwenye urefu wa mita 1,55 mpaka 1,65 kwa kawaida anaenea kwenye kadre ya pusi 14 mpaka 16, lakini usiamini namba kuliko mwili wako. Halafu shika gido. Kama mikono imenyooka sawa unasukuma ukuta, shingo itakuuma mbele hujafika VGH.

Na vidole. Jambo hili hakuna muuzaji aliyetuambia: kwenye mikono mingi ya freni kuna skuru ndogo kabisa, unaizungusha na mkono wa freni unakuja karibu na gido. Dada mwenye vidole vifupi alikuwa anafikiri yeye hajui kufunga freni, kumbe ni skuru.

Sasa, ile wanayoita "kinga ya banamuke". Tuseme wazi. Bomba lililoshuka chini ni zuri kwa mwenye kuvaa kikwembe kila siku, hatuna neno. Lakini rangi ya waridi na kikapu si kipimo. Mara nyingi unalipa maua, na chini ya maua kuna vyuma vyepesi vya kupondeka. Kinga ya kiume ya kadre ndogo, ikiwa imekuenea, ni kinga yako. Kitu kimoja tu cha kutazama kwa mwanamke ni kiti: mifupa ya kukalia mara nyingi iko mbali kidogo kuliko ya wanaume, kwa hiyo kiti chembamba kinaumiza. Tafuta kilicho pana nyuma. Usidanganywe na kile kinene cha sponji. Kinaingia ndani, na kisha saa moja unakaa juu ya chuma.

Pili, amortisa. Hapa tutakaa kidogo, juu hapa ndipo pesa za wengi zinazama. Kwa bei yetu ya dola 60, 80, 100, amortisa ya nyuma ni resori tu yenye uzito. Unakanyaga, nguvu yako inaingia ndani ya resori mbele ya kufika kwenye gurudumu. Unapanda mulima huku unaruka sawa chura. Na vile viungo vya nyuma vikianza kucheza, hakuna wa kuvitengeneza mjini. Kinga isiyo na amortisa yoyote, yenye pine pana ya 1.95 au 2.1 iliyojazwa upepo bila kukaza sana, inapita mawe vizuri kuliko ile. Ya mbele peke yake, sawa, tunavumilia: funga freni ya mbele, sukuma gido mbele na nyuma, kama unasikia "ko ko ko", rudisha.

Tena kuna aibu moja tumeiona mara nyingi sokoni: kinga mpya yenye furshi iliyogeuzwa, freni ya mbele inatazama kadre. Imeunganishwa vibaya. Ukiona hivyo, jiulize vingine vyote viliunganishwa namna gani. Ile pedali ya Masika ndiyo jibu. Pedali ya kushoto inafungwa kinyume na ya kuume, na aliyeifunga hakujua, akalazimisha kwa ufunguo mrefu, akakwangua njia ya skuru.

Tatu, muulize kwado wako mbele ya kumuuliza muuzaji. Kinga isiyo na vipande hapa kwetu ni mapambo. Soma upande wa pine. Ikiandikwa 26 x 1.95, shambre na pine ziko karibu kila mahali. Angalia vizuri, kuna 26 x 1 3/8 ya kinga za zamani za mjini. Zote wanaziita "vingt-six" lakini pine ya moja haiingii kwenye janti ya ingine. Tafuta namba ndogo: kinga ya milima ya 26 iko na 559, ile ingine iko na 590. Hizi kubwa za 29 ni nzuri Ulaya. Hapa ukipasuka njiani kuelekea Musienene utafundishwa uvumilivu. Freni pia vilevile: zile za mikono miwili zinazobana janti, viatu vyake vinauzwa hata kando ya barabara. Freni za sahani zenye mafuta, zikikauka, umebaki na mguu. Ila kwa zile za kubana, pitisha kidole juu ya janti. Kama imechimbika sawa sahani, imeliwa na matope, siku moja itapasuka.

Kadre? Chukua kisumaku cha spika ya redio iliyokufa. Kikishika, ni chuma, na chuma kikipasuka kila fundi wa kuunguza anaweza kukifunga. Kisiposhika, mara nyingi ni aluminiamu: nyepesi, nzuri, lakini ikipasuka usimpelekee fundi wa kutengeneza milango. Chungulia mahali bomba linapokutana na lingine, chini ya gido hasa. Mchirizi mdogo wa kutu unaotoka ndani ya rangi unaweza kuwa ufa.

Sheni unaipima na rula ya shule. Hesabu vipande 20, toka pini mpaka pini: mpya ni sentimita 25,4. Ikifika 25,6 imekwisha na inakula meno yote. Hiyo haimaanishi kuacha kinga, inamaanisha kushusha bei. Na meno, dada, yahesabu mbele ya watu bila haya. Milima yetu haiongopi. Sahani ndogo ya mbele iwe na meno machache kuliko kubwa ya nyuma. Mbele 28 na nyuma 28, kila muzunguko wa pedali kinga ya 26 inaenda karibu mita 2. Mbele 22 na nyuma 32, mita 1,4 hivi. Wale wanaoandika "vitesi 21" kwa herufi kubwa hawakuambii hiyo. Kinga ya Masika ya maua ilikuwa 28 na 28.

Turudi kwa pesa. Ushauri wetu: usitumie zote kwenye kinga. Theluthi moja ibaki kwa fundi, hata kama kinga inaonekana nzima. Masika aliuza ile ya zambarau dola 35 kwa mtu aliyetaka vipande, na sisi tukamupatia zamu ya likelemba mbele ya wakati, dola 50. Jumla 85. Safari hii alienda mwenyewe, sisi tulikuwa nyuma yake tumebeba rula na kisumaku sawa vile wapelelezi. Alipanda kinga saba. Muuzaji mmoja akakasirika, akasema, "Dada, unanunua ao unafanya sport?" Masika akamujibu, "Nanunua, papa, ndiyo maana naijaribu." Ya saba ilikuwa kinga kuukuu ya chuma, kijani, rangi imechubuka, bila amortisa hata moja, meno 22 mbele. Dola 48. Sheni mpya, viatu vya freni, shambre mbili, kiti kipana na kazi ya fundi vikafika 29.

Kuna jambo moja rula haipimi. Bado wako wazazi wanaosema kinga inaharibu binti, hatazaa, hataolewa, na wako vijana wenye diplome wanaopiga miluzi kando ya barabara. Tunajua juu wamo hata kati yetu. Siku ya kwanza mmoja wetu alicheka, na ameomba samahani. Mama zetu wanabeba magunia ya viazi mgongoni kwenye milima hii na hakuna anayesema mgongo unaharibika. Chukudu ikishuka na mizigo, watu wanaisifu kuwa akili ya kwetu. Lakini binti akipanda magurudumu mawili yenye kiti, ghafula kila mtu ni daktari. Hatutangoja ruhusa ya daktari wa kando ya barabara. Ila tunawaomba kaka: kama dada yako anajifunza, shika kiti kutoka nyuma na unyamaze. Kiwanja cha shule siku ya Yenga kinatosha. Kiti kishushwe mpaka nyayo zote mbili ziguse chini, pedali usizitumie kwanza, asukume kwa miguu ajue kusimama wima. Wengi wanapata siku moja.

Kofia ya kinga hatukupata ya bei yetu, tunaendelea kutafuta, na mwenye kujua mahali atuambie. Taa pia: usirudi saa moja ya usiku kwa kumulika na telefone mkononi, tumeona yanayotokea.

Dola nane zilizobaki Masika alinunua kadena na mnyororo. Sasa anaenda Katwa kwa miguu yake na magurudumu mawili, anasukuma kwenye mipando mikali zaidi, anateremka polepole, na fishi zote ni zake. Yaya wake ameomba kukopa kinga mara mbili. Mara mbili amejibiwa kwamba kiti hakikupimwa kwa miguu yake.