Sadaka ya watoto wetu na somo la Kiingereza





Ndugu wasomaji, kila likizo inapoingia wazazi wengi hutoa fedha za tuisheni ya Kiingereza. Hofu yao ina msingi. Katika shule nyingi za msingi nchini Tanzania mtoto hufundishwa kwa Kiswahili, kisha akifika kidato cha kwanza karibu masomo yote humjia kwa Kiingereza. Asiyeielewa lugha hukaa kimya darasani, na kimya hicho humfuata hadi kwenye mtihani. Lakini tuisheni nyingi ni kukariri tu. Mtoto hana jambo la kusema, wala mtu wa kumwambia.

Sisi tunaona iko njia nyingine: watoto wa madrasa au wa mtaa mmoja waandae shughuli ya sadaka, kwa mfano kufuturisha mayatima, na maandalizi yake wayafanye kwa Kiingereza chini ya usimamizi wa mwalimu.

Jambo hili si geni katika Uislamu. Tirmidhi na Abu Daud wamepokea kuwa Mtume (S.A.W.) alimwamuru Zaid bin Thabit (R.A.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayamudu kwa muda mfupi, akawa anamwandikia na kumsomea barua zao. Alijifunza kwa sababu palikuwa na kazi inayomsubiri.

Kazi za shughuli hii ni nyingi. Kwanza ni barua ya kumwomba mfanyabiashara mchele au tende: anwani mbili, tarehe, kichwa cha habari, ombi lililo wazi na saini. Barua itakayosomwa na mtu wa kweli huandikwa kwa uangalifu kuliko insha ya daftari. Pili ni tangazo, tatu ni hesabu, na mwisho barua ya shukrani.

Katika matamshi, mtoto wa madrasa ana mtaji ambao hajauona. Sauti ya "th" katika "thank" ni ile ya "thamani", nayo ni thaa ya Kiarabu. Na ile ya "this" ni "dh" ya "dhahabu". Ulimi uliozoezwa makharija haushindwi na sauti hizo. Anayesema "sank" badala ya "thank" hajashukuru, bali amesema "alizama". Vilevile, atakayetamka "fifty" pale palipotakiwa "fifteen" ataletewa mikeka 50 badala ya 15. Kosa la namna hiyo likigunduliwa katika mazoezi, halisahauliki. Hata stakabadhi ina funzo lake: neno "receipt" lina herufi "p" inayoandikwa lakini haitamkwi.

Kuandika hesabu nako ni adabu ya dini yetu. Aya ya 282 ya Suratul-Baqarah, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inatuamrisha kuandika madeni. Fedha na zikae kwa mtu mzima mwaminifu, na watoto waandike kila kilichoingia na kilichotoka.

Wapo watakaosema kuwa sadaka hutolewa kwa ajili ya Allah, si kwa ajili ya mtihani. Wanasema kweli, na ndiyo maana tunaweka mipaka. Kiingereza kiishie katika maandalizi. Siku ya shughuli, mayatima wasemeshwe kwa lugha waliyoizoea, wasipangwe mstari kupigwa picha, wala wasiketishwe kusikiliza hotuba huku chakula kikipoa. Aya ya 264 ya sura hiyo hiyo inatuonya tusiziharibu sadaka zetu kwa masimbulizi na udhia. Mwalimu akiona watoto wameanza kushindana kwa majivuno, awarudishe kwenye nia.

Wazazi wenzetu, jambo hili halihitaji jengo wala mfadhili mkubwa. Linahitaji mwalimu mmoja anayekijua Kiingereza vizuri, daftari, na majuma machache. Aliyejifunza lugha kwa kumtumikia mwenye njaa, tunataraji kuwa atakapokuwa na elimu kubwa hatawadharau wasioijua lugha hiyo.