Saa Katika Kompyuta Ndogo Si Pambo

Mnunuzi wa kompyuta aghalabu huuliza mambo mawili: kasi yake na ukubwa wa hifadhi yake. Ni nadra kuuliza kama kompyuta hiyo itajua wakati baada ya umeme kukatika. Kwa kompyuta ndogo za bodi moja, zifungwazo ndani ya vyombo vya kupimia mvua au joto, swali hilo la tatu ndilo lipasalo kutangulia.

Saa ya kompyuta huongozwa na kipande cha fuwele ya kwatsi kitetemekacho mara 32,768 kwa sekunde. Hesabu hiyo ni 2 kwa kipeo cha 15; sakiti ikiigawa kwa mbili mara 15, hubaki pigo moja kila sekunde. Fuwele ikikosea sehemu 20 kwa kila milioni, kosa halifiki sekunde 2 kwa siku. Betri ndogo kama kifungo cha koti huweza kuiendesha kwa miaka kadhaa.

Hata hivyo, ili kupunguza bei, saa hiyo mara nyingi hufanywa kuwa jambo la hiari. Raspberry Pi ya kwanza, iliyotolewa Uingereza mwaka 2012, haikuwa nayo. Raspberry Pi 5 ya mwaka 2023 inayo, lakini betri yake hununuliwa kando.

Wapo wasemao kwamba mtandao hutoa wakati bila gharama. Hilo ni kweli penye mtandao. Lakini fikiria shule isiyo na mtandao, ambako umeme hukatika saa nne usiku na kurudi saa kumi alfajiri. Kompyuta isiyo na saa ya betri huanza tena kuhesabu tangu wakati wa mwisho iliouhifadhi. Mvua ya alfajiri itaandikwa kuwa ilinyesha usiku, na kila kipimo kifuatacho kitachelewa kwa takriban saa sita. Pengo katika daftari huonekana. Tarehe ya uongo haionekani, na mwanafunzi huijengea hitimisho.

Je, hifadhi kubwa itasaidia? Hesabu inajibu. Kipimo kimoja kila dakika, chenye herufi 50, hujaza takriban baiti milioni 26 tu kwa mwaka mzima. Hata hifadhi ya gigabaiti 8, baada ya kuondoa nafasi ya programu, hutosha kwa miaka mingi. Fedha za kuongeza hifadhi isiyohitajika zingefaa zaidi kununulia saa na betri.

Mwalimu anaweza kulithibitisha jambo hili darasani: kompyuta itengwe na mtandao, izimwe kwa saa moja, iwashwe, kisha ilinganishwe na saa ya ukutani. Kipimo kisichojulikana kilichukuliwa lini hakina budi kutiliwa shaka, hata kama kimehifadhiwa salama.