TAHARIRI: SAFU ILIYOKOSEKANA DAFTARINI



Ndugu Waislamu, ukipita jioni kwenye maduka ya Mbalibali, wakati ng'ombe wanarudi mazizini, utamkuta mwenye duka ameinamia daftari lake la madeni. Anajua nani amechukua sukari, nani chumvi, na nani ameahidi kulipa akishauza mahindi. Hafungi mlango mpaka amejua. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, pamoja na sisi tunaosimama naye katika swala ya Isha, humaliza mwaka mzima bila kuiuliza nafsi yake swali hata moja.

Wanazuoni wetu waliliita jambo hili muhasaba. Al-Harith bin Asad, aliyefariki Baghdad mwaka 243 Hijria (857 Miladia), alipewa jina la al-Muhasibi kwa ajili ya kuihesabu nafsi yake. Imam al-Ghazali, katika Ihya Ulumid-Din, aliifananisha nafsi na mshirika wa biashara: asubuhi unashartiana naye, mchana unamchunga, jioni mnakaa kuhesabu mtaji, faida na hasara. Naye hakuyasema haya kwa nadharia tu. Alikuwa mwalimu mashuhuri wa Nidhamiyya ya Baghdad, na mwaka 1095 aliiacha kazi hiyo akiwa kwenye kilele cha sifa, kwa sababu alipoichunguza nia yake ya kufundisha aliikuta imechanganyika na kutafuta jaha. Sisi tuliomsoma kwa Kiarabu tulitahiniwa hatua zake sita kwa majina. Mwandishi wa mistari hii alipata alama nzuri katika mtihani huo, na hakuna aliyemuuliza kama amewahi kukaa jioni moja akahesabu.

Hapa kwetu Afrika ya Mashariki, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947) aliufanyia muhasaba umma mzima. Gazeti lake la Sahifa, aliloanza mwaka 1930, na Al-Islah lililofuata mwaka 1932, hayakutosheka na kuwalaumu wakoloni. Yaliwageukia Waislamu wenyewe: israfu zao, uzito wao wa kutafuta elimu, na mabinti zao walioachwa bila kusomeshwa.

Muharram iliyopita nami nilijaribu. Nilichora safu katika daftari: swala ya jamaa, kisomo cha Qur'ani, sadaka, kuuchunga ulimi. Kwa wiki kadhaa safu zilijaa alama za vema, nikaanza kuona raha, na raha hiyo yenyewe ni maradhi. Kisha siku moja, nikitafuta kitu kingine kabisa, nilifungua daftari la mahudhurio ya madrasa. Mabinti wawili, waliokuwa wameifikia Suratul-Mulk, hawakuwa na alama kuanzia katikati ya Desemba. Mmoja alirudi Februari. Nakumbuka alivyokaa kwenye mkeka, akiegemea upande mmoja. Wa pili hakurudi, ameolewa.

Hakuna mtu katika kata hii asiyejua Desemba ni mwezi wa nini. Shule zimefungwa, ngoma zinalia, na watoto wa kike wanapelekwa kwa ngariba. Ngoma hizo nilizisikia nikiwa natayarisha khutba. Khutba ile ilihusu subira.

Sikunyamaza kwa kukosa hoja. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Mkutano wa wanazuoni uliofanyika Cairo katika Al-Azhar, Novemba 2006, ulitamka kuwa ukeketaji ni mila isiyo na msingi katika Qur'ani wala hadithi sahihi, kwamba una madhara, na kwamba ukomeshwe. Najua wapo mafaqihi wa zamani, hasa wa Kishafi, waliozungumzia khitani ya mwanamke. Lakini kinachofanyika hapa ni mila ya koo, Mwislamu na asiye Mwislamu wanaifuata sawasawa, na sijapata kumsikia ngariba aliyeuliza kitabu cha fiqhi kabla ya kunoa kisu.

Nilinyamaza kwa sababu baba wa mmoja wa mabinti wale ndiye aliyetutolea ng'ombe wa Idi. Nilinyamaza pia kwa kuwaogopa wazee wa mila, wasije wakasema mwalimu wa madrasa ameletewa maneno na wageni. Katika daftari langu hapakuwa na safu ya niliyoyanyamazia. Nilikuwa nimechora zile tu ambazo nilijua nitazijaza, mfano wa mfanyabiashara anayehesabu wateja wanaolipa na kuwaacha wengine.

Al-Ghazali alitaja njia nne za mtu kuzijua aibu zake: mwalimu mwenye busara, rafiki mkweli, ulimi wa adui, na kuchanganyika na watu. Kwangu alikuwa mtoto wa miaka 12 aliyeshindwa kukaa sawasawa kwenye mkeka, nami ilinichukua miezi kumwona. Kwako wewe, ndugu msomaji, huenda akawa mke asiyesemeshwa tangu alfajiri mpaka usiku, au mdogo wako uliyemdhulumu shamba la marehemu baba. Huko ndiko kalamu isikotaka kwenda.

Ijumaa moja baada ya Alasiri nilikwenda kwa mzee yule. Alinikaribisha kwa maziwa ya mgando, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akaniuliza jambo moja tu: "Mwalimu, Novemba ulikuwa wapi?" Sikuwa na jibu. Ana binti mwingine, mdogo, yumo katika Juzuu Amma.

Desemba hii shule zikifungwa, madrasa haitafungwa. Mabinti watasoma asubuhi na jioni, na wanaotoka mbali watalala kwetu, pamoja na mke wangu na watoto wetu. Khutba za Novemba zimekwisha andikwa.