Picha Isiyomwona Mtembea kwa Miguu

Giza liingiapo, vijana wenye kamera husimama juu ya daraja la wapita njia katika Barabara Kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2012. Huitega kamera juu ya kigoda cha miguu mitatu, wakaacha kilango chake wazi kwa sekunde 20 au 30. Taa za mbele za magari huchora mistari myeupe. Za nyuma, mistari myekundu. Picha hupendeza mno.

Lakini mama aliyekimbia kuvuka wakati huo yuko wapi? Hayumo. Hakubeba taa, wala hakutulia mahali pamoja.

Jambo hili si geni. Mwaka 1838, Louis Daguerre aliipiga picha Boulevard du Temple, mjini Paris. Kwa kuwa kamera yake ilihitaji dakika kadhaa, umati na magari ya farasi vilitoweka. Aliyebaki kuonekana wazi ni bwana aliyesimama akisafishiwa viatu.

Katika sarufi, kiambishi hu- hueleza mazoea bila kutaja njeo. Picha hizi nazo husema, “Magari hupita.” Ni kweli, ila si kweli yote. Waendao kwa miguu ndio wengi zaidi miongoni mwa wanaouawa katika barabara zetu.

Walimu wenzangu, tuwafunze wanafunzi kuisoma picha kama wasomavyo sentensi: nani ametajwa, na nani ameachwa? Asiyeonekana pichani ni rahisi kusahauliwa hata na wajenzi wa barabara.