Popi hajaenda shamba

KIBARAZANI
Na Mwanaidi Kilongola

Kuna uongo mmoja ambao wazazi wacha Mungu kabisa huusema mezani mbwa wa nyumbani anapotoweka, bila hata kumeza mate: "Popi amepelekwa shamba kwa babu." Mtoto anauliza kama huko shamba kuna chakula. Kipo. Atarudi lini? Likizo. Likizo inafika, familia inapanda basi, Popi hayupo, na babu ambaye hakuna aliyemtonya anauliza, "Popi gani?" Nimeuona uongo huu ukifumuka mbele ya sinia la wali katika nyumba zaidi ya moja, na kila mara anayebaki ameinamisha uso ni mtu mzima.

Leo nawasemea watoto wa aina fulani. Kila ukoo una mmoja: anayeokota kinda la njiwa, anayemficha paka uvunguni, anayejua ni kuku gani leo hakugusa pumba. Kwetu ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, yuko darasa la tano, wanakaa Kihonda, Morogoro. Tumezoea kumwona mtoto wa namna hii kama mwenye huruma iliyopitiliza, atakua itamtoka. Mimi naona katika nyumba nyingi ndiye mfugaji pekee aliyepo. Baba ni mwenye mbwa kwa maneno tu. Mwulize mara ya mwisho mbwa amekula nini, atamwita mtoto aje kujibu. Kama ndivyo, basi mnyama akiugua mtoto apewe kazi na aambiwe ukweli wote, hata ule wa pesa.

Nyumba ya dada ni ya kawaida. Yeye anauza vitenge sokoni, shemeji ni fundi umeme, bibi mzaa baba anakaa nao, na kuna mdogo wa kiume wa chekechea. Wana paka mmoja wa madoa, kuku wa kienyeji, na tangu mwaka jana wakaingia mbwa, kwa sababu wezi walishazoea nyaya za shemeji. Ni nyumba ya Kiislamu, kwa hiyo paka hulala anapotaka na mbwa ana banda lake karibu na geti. Mtoto ana dera kuukuu linaloning'inia kwenye msumari nyuma ya nyumba. Akimaliza kazi za mbwa analivua, ananawa, ndipo anaingia ndani kuswali. Hakuna aliyegombana na mtu. Bibi ndiye aliyeyamaliza mapema: akakumbusha habari ya yule mtu aliyeteka maji kisimani kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa madhambi yake. Tusijifanye tunajua zaidi, alisema, kisha akaagiza banda lisogezwe mbali kidogo na dirisha lake.

Mbwa walikuja wawili wadogo, dume na jike, bila chanjo yoyote. Kwenye nyumba nyingi maafa huanzia hapo. Parvo, ugonjwa wa virusi, ilitambuliwa kwa mbwa mwaka 1978, na haikuchukua muda kuzunguka dunia nzima. Leo huko mitaani kwetu inaua watoto wa mbwa, sisi tunasema wamerogwa au wamelishwa sumu na wezi. Jike ndiye aliyeanza. Asubuhi alikataa ugali wa dagaa, jioni akatapika povu la njano, usiku akaharisha damu yenye harufu ambayo ukiinusa mara moja huisahau. Watu wazima walikuwa na tiba tayari: yai bichi, maziwa, majivu kwenye maji. Jirani mmoja alileta vidonge vyake mwenyewe vya kufunga tumbo. Aliyeng'ang'ania bwana mifugo aitwe ni mtoto. Alipofika na pikipiki yake, jike alikuwa ameshakufa na dume ameanza kutapika.

Jioni ile shemeji alifanya jambo ambalo nimelisimulia kwa watu wengi. Alimwita binti yake barazani akamwambia: "Mama, huyu amekufa, tutamzika. Na huyu mwingine anao ugonjwa huohuo. Bwana mifugo anasema anaweza kupona, anaweza asipone. Nimetenga elfu hamsini. Zikiisha sina nyingine, maana iliyobaki ni ya umeme na ya shule ya mdogo wako."

Mtoto hakulia kwanza. Aliuliza, "Elfu hamsini ni siku ngapi?"

Najua wapo watakaosema huo ni ukali, mtoto wa miaka hiyo habebeshwi hesabu za nyumba. Nawauliza, ni lini tuliacha kumbebesha? Anatumwa dukani na noti, anajua mafuta yamepanda, anamsikia mama yake akihesabu mauzo usiku. Kitu pekee tunachomficha ni pale hesabu inapomgusa kiumbe anayempenda, na hapo ndipo anapojifunza kwamba wakubwa hudanganya mambo yakiwa mazito. Shemeji angeweza kumbeba yule mbwa usiku akamtupe huko mashambani na asubuhi kusema amekwenda kwa babu. Alimpa binti kiwango cha pesa, sababu ya kiwango hicho, na kazi.

Kazi yenyewe niliikuta nilipokwenda kuwajulia hali. Chupa ya dripu imening'inizwa kwenye nondo ya dirisha la jikoni kwa kipande cha waya. Mguu wa mbele wa mbwa umenyolewa kwa wembe, sindano imeshikizwa kwa plasta. Mtoto amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, daftari la hisabati magotini, macho kwenye matone. Bwana mifugo alikuwa amemwonyesha kile kigurudumu cha kwenye mpira: yakienda mbio, rudisha kidogo, yakisimama kabisa, usiguse, piga simu. Nyuma ya daftari amepiga mistari: saa, ametapika au la, ameharisha rangi gani, amekojoa. Bwana mifugo aliporudi aliomba daftari kabla hajamgusa mgonjwa. Alisoma ukurasa mzima, akauliza swali moja kuhusu saa kumi alfajiri, akajibiwa. Mimi, shangazi za watu na mama wadogo tuliokuwepo, hakuna aliyeulizwa kitu.

Niseme kwa faida ya wenye mbwa wadogo: dawa anazobeba bwana mifugo haziui virusi vya parvo. Anachofanya ni kumrudishia mnyama maji anayoyapoteza, kuzuia kutapika, na kuzuia vijidudu vingine visipenye kwenye utumbo uliochubuka, hadi mwili wake upigane wenyewe. Ndiyo maana muda unahesabika, na ndiyo maana mtu wa kukaa pale na kuangalia ana thamani kama ile chupa.

Kupona nako kuna fujo zake. Siku mbwa alipotikisa mkia, nyumba nzima ilitaka kumkaribisha mifupa. Mtoto akawa mkali, na alikuwa sahihi: tumbo lile lilihitaji wali uliochemshwa ukalainika, na kuku asiye na chumvi wala mafuta, vijiko vichache mara nyingi kwa siku. Banda lilisuguliwa kwa sabuni, kisha kwa maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, kwa sababu virusi hivi hukaa kwenye udongo kwa miezi. Jirani mwema alipotaka kuwaletea mtoto mwingine wa mbwa, wa kufuta machozi, wakamwambia angoje. Achanjwe kwanza, na chanjo hiyo si sindano moja: huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Wengi wetu tunachoma ya kwanza, tunaweka kadi kabatini, tunaona tumemaliza.

Jike alizikwa nyuma ya nyumba, shimo refu, mdogo wa chekechea akishuhudia. Aliuliza kama mbwa naye huulizwa maswali kaburini. Bibi akasema hapana, yeye hana hesabu. Mtoto akaridhika, akaenda kucheza.

Paka naye asisahaulike. Katikati ya mambo hayo alirudi alfajiri na shavu limevimba, jino la paka mwenzake limeingia, usaha umejaa. Mtu mzima mmoja, tena msomi, akashauri nusu kidonge cha panadoli "apunguze maumivu". Nawaomba sana, msifanye hivyo. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa ile kama letu. Kidonge kimoja kinatosha kumuua, na hata nusu yake ni hatari. Damu inashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka kahawia, uso na miguu vinavimba. Mbwa naye hana usalama na vidonge vyetu vya maumivu ya mgongo. Paka wa dada alipasuliwa jipu, akasafishwa, akapewa dawa ya kipimo chake, na binti akamkatia kola kutoka kwenye boksi la biskuti ili asijikune. Alitembea siku kadhaa akigonga miguu ya viti, na kuku wakimkimbia.

Morogoro wana bahati. Chuo kikuu cha SUA kipo hapohapo, kinafundisha madaktari wa wanyama, na hospitali ya wanyama ipo. Kata nyingi zina ofisa mifugo mmoja aliyeandaliwa kwa ng'ombe, mbuzi na kuku, na simlaumu, maana hao ndio wanaoandikwa kwenye taarifa zake. Mbwa na paka wanaingia kwenye karatasi za serikali wakishakuwa tatizo. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, lakini bado kuna halmashauri ambazo zikisikia kichaa cha mbwa, jambo la kwanza ni kutafuta bunduki.

Bunduki haijakimaliza kichaa cha mbwa popote. Kinachokimaliza ni kuchanja mbwa, angalau 70 katika kila 100, mwaka baada ya mwaka. Pemba walifanya hivyo, ugonjwa ukatoweka kisiwani mwaka 2014. Ukaingia tena mwaka 2016 kutoka nje ya kisiwa, wakachanja upya, wakaukata tena. Na hapa mtoto wangu wa Kihonda anarudi kwenye hoja, kwa pande mbili. Upande wa kwanza unatisha: Shirika la Afya Duniani linasema 4 katika kila 10 wanaong'atwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Ndio wanaocheza nao, ndio wanaojaribu kumsaidia mbwa aliyejilaza ajabu ajabu kando ya barabara. Mpenda wanyama yeyote mdogo afundishwe hili kabla ya kufundishwa kuogesha mbwa: usimguse usiyemjua, na ukiumwa au kukwaruzwa, sema hapohapo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha moja kwa moja hospitali, siku hiyohiyo. Dalili zikishaanza hakuna daktari wa kuzirudisha. Na mtoto anayeogopa kwamba mbwa wake atapigwa risasi, au "atapelekwa shamba", ataficha jeraha. Hiyo ndiyo bei ya uongo wetu.

Upande wa pili una matumaini. Simama kwenye foleni ya chanjo ya mbwa siku yoyote, mjini au kijijini, tazama nani ameshika kamba. Ni watoto. Wamewavuta kwa waya, kwa kitambaa cha kanga, kwa mkanda wa sare ya shule. Mmoja amembeba mbwa begani kwa sababu amegoma kutembea. Lakini tangazo linapita kwa gari la kipaza sauti saa nne asubuhi siku ya kazi, likiwaita wakuu wa kaya, ambao wako sokoni na ofisini, na wanaotakiwa kweli wako darasani.

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni Septemba 28, na halmashauri nyingi hupanga chanjo kuzunguka tarehe hiyo. Ombi langu kwao halina gharama: walimu wakuu wapewe taarifa, tangazo lisomwe mstarini Ijumaa, chanjo ifanyike Jumamosi asubuhi kwenye viwanja vya shule. Kamba watazileta wenyewe.