Mkulima wa Saskatchewan anahesabu unyevu, sisi tunahesabu nini?

Wadau, leo tuache kidogo siasa na Ligi Kuu ya Uingereza. Nataka tuzungumzie udongo. Tena si udongo wa Kilosa wala Mbarali, bali wa mbali kabisa, kule kwenye tambarare za Kanada zinazolima nafaka: majimbo ya Manitoba, Saskatchewan na Alberta. Najua wengine mmeshaanza kujiuliza, kijana wa mjini anayenunua sembe dukani na udongo wa Kanada wapi na wapi? Vumilieni kidogo, tutarudi nyumbani.

Naandika habari gazetini, na nimejijengea tabia ambayo wenzangu wa chumba cha habari wanaicheka. Kila ikifika Mei nasoma ripoti za mazao za Saskatchewan. Jimbo hilo pekee lina zaidi ya asilimia 40 ya ardhi yote inayolimwa Kanada. Watu wake ni kama milioni 1.2 hivi, wakati Dar es Salaam peke yake ilihesabiwa kuwa na zaidi ya milioni 5 katika sensa ya 2022. Kwa sensa ya kilimo ya mwaka 2021, shamba moja la wastani huko lilikuwa na zaidi ya ekari 1,700. Ukisikia hivyo unaweza kudhani mwenye shamba hilo ni bwana mkubwa anayelala usingizi mnono. Hata kidogo. Mwezi wa Mei halali.

Sababu ni hesabu ya siku. Kule, siku zisizo na sakitu (ule ubaridi wa usiku unaogandisha umande juu ya majani, ambao watu wa Makete na Njombe wanaujua vizuri) ni kama 100 hadi 120 tu kwa mwaka. Ndani ya siku hizo ngano inatakiwa iote, ikue, itoe masuke na ikomae. Ukichelewa kupanda, sakitu ya Septemba inaikuta bado mbichi. Ukiwahi mno, sakitu ya mwisho wa Mei inakutana na miche. Hapo zao nalo lina bahati yake. Ngano changa sehemu yake ya kuchipulia bado iko chini ya udongo, kwa hiyo majani yakiungua inaweza kuinuka tena. Kanola, lile zao la mafuta lenye maua ya njano, sehemu hiyo iko juu. Usiku mmoja wa baridi kali unaweza kumlazimisha mkulima kununua mbegu upya.

Halafu kuna unyevu. Mbegu ya kanola ni ndogo sana, hupandwa sentimeta 1 hadi 2 na nusu tu chini ya ardhi. Ikiwa theluji ya msimu wa baridi ilikuwa haba na upepo wa Aprili umekausha tabaka la juu, mkulima anabaki na swali moja: nisubiri mvua, au nipande kavu nimwachie Mungu? Swali hilo hilo bibi zetu wa Dodoma wamelijibu miaka nenda rudi, mwezi wa Desemba, wakiwa na jembe la mkono. Tofauti ni ukubwa wa shamba na ukubwa wa deni la benki.

Wala hofu hii si ya kubuni. Kati ya 1857 na 1860 msafiri John Palliser aliyachunguza maeneo hayo, akaripoti kwamba sehemu kubwa ya kusini ni kavu mno na haifai kwa kilimo. Baadaye serikali na kampuni za reli zikajaza walowezi huko hata hivyo, kwenye ardhi ambayo wenyeji wa asili walikuwa wakiishi na kuwinda. Miaka kadhaa ilikuwa mizuri. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtafiti Charles Saunders akaibua mbegu ya ngano iitwayo Marquis, iliyokomaa mapema kuliko ile ya zamani, na ikaenea haraka kwa sababu iliikwepa sakitu. Kisha ikaja miaka ya 1930. Mvua ikagoma, udongo ukageuka vumbi linaloziba jua, na watu wakahama kwa maelfu. Mwaka 1935 serikali ya Kanada ikaunda chombo maalumu cha kuokoa mashamba ya tambarare hizo.

Msidhani hayo ni ya kale. Mwaka 2010 mvua ilizidi, mamilioni ya ekari hayakupandwa kabisa kwa sababu mashine zilikuwa zinazama kwenye tope. Mwaka 2021 ikawa kinyume: ukame na joto la kutisha, na mavuno ya ngano ya Kanada yakashuka kwa zaidi ya theluthi moja. Ile ngano ngumu ya kutengenezea tambi, ambayo Kanada ndiyo muuzaji mkubwa kuliko wote duniani, ilishuka kwa zaidi ya nusu.

Sasa hapa ndipo ninapotaka tukae kitako. Wao wanafanya nini na hofu hii?

Wanaihesabu. Kila wiki wakati wa msimu, wizara ya kilimo ya Saskatchewan hutoa ripoti ya mazao kwa umma. Inategemea watu wapatao 200 wanaojitolea, wengi wao wakulima, waliotawanyika wilaya kwa wilaya. Mtu anatembea shambani, anachimba kidogo, anaangalia. Kisha anajibu maswali ya kawaida kabisa. Asilimia ngapi imeshapandwa? Unyevu wa juu umezidi, unatosha, umepungua au umepungua sana? Mvua ilinyesha milimita ngapi? Panzi wapo? Majibu yanajumlishwa na kuwekwa wazi, bure, kwa mkulima, mfanyabiashara, mwandishi wa habari na hata mimi niliye Dar.

Marekani nao wana ya kwao. Kila Jumatatu saa 10 jioni kwa saa za Washington, kuanzia Aprili hadi Novemba, idara ya kilimo hutoa ripoti ya maendeleo ya mazao. Kwetu inakuwa saa 5 usiku. Wakati sisi tunapanga nguo za kazini za kesho, madalali wa Chicago wanasoma ngano ya Dakota Kaskazini imeota kiasi gani, na kwa kusoma huko wanaanza kupanga bei.

Bei hiyo inatufikia. Tanzania inaagiza sehemu kubwa sana ya ngano yake kutoka nje. Vita vya Urusi na Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022, bei ya ngano duniani iliruka, na mitaani kwetu andazi likapungua ukubwa huku mama muuza akiambiwa ana roho mbaya. Roho mbaya ya nini jamani? Yeye alikuwa mtu wa mwisho kwenye mnyororo mrefu, na pengine wa mwisho kuambiwa.

Kuna watakaosema, ah, wenzetu wana matrekta na mashine za kuvunia zenye ukubwa wa nyumba, hatuwezi kujilinganisha nao. Ndugu zangu, matrekta tulishaletewa. Kuanzia miaka ya 1970 Kanada ilisaidia shirika letu la NAFCO kuanzisha mashamba ya ngano Hanang, kwenye nyanda za Basotu. Yalifika mashamba 7, ekari zipatazo 100,000. Mashine, wataalamu na namna yenyewe ya kulima vilitoka kwenye tambarare hizi ninazozizungumzia. Wabarabaig waliokuwa wakichungia mifugo yao hapo walipoteza malisho, na ugomvi huo wa ardhi ulifika hadi Mahakama ya Rufani mwaka 1985. Ngano ilipatikana, hilo sikatai. Lakini misaada ya Kanada ikakoma miaka ya 1990, na NAFCO yenyewe haipo tena.

Ninachojifunza ni kwamba tulichukua kile cha gharama kubwa tukaacha cha bei rahisi. Trekta linahitaji vipuri na dizeli. Kumuuliza mkulima aliyeko Mbozi udongo wake una hali gani wiki hii kunahitaji simu, daftari na mtu wa kujumlisha.

Nisionekane siwatendei haki watu wetu. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa masika, wa vuli na wa msimu, na kazi hiyo naiheshimu. Lakini utabiri unatuambia mvua inatarajiwa kunyesha namna gani. Swali la pili ni mvua imefanya nini baada ya kunyesha, au baada ya kukosekana. Mahindi ya Sumbawanga yana urefu gani katikati ya Januari? Songea wamepalilia mara ngapi? Viwavijeshi wameingia kata zipi? Maafisa ugani wanayajua mengi ya haya, na watendaji wa vijiji wanayajua. Ninachokitaka ni majibu hayo yakae kwenye ukurasa mmoja, kila wiki, yasomwe na yeyote, bila kusubiri kiongozi afanye ziara.

Na sisi waandishi tuna sehemu yetu. Tazama kurasa zetu. Habari za kilimo hutokea mara mbili: siku ya uzinduzi wa mradi, na siku njaa inapobisha hodi. Katikati ya hapo, miezi ile mazao yanapoamua kuishi au kufa, kimya. Kisha bei ikipanda tunakimbilia sokoni kumuuliza muuza unga kwa nini, kana kwamba yeye ndiye aliyezuia mvua. Gazeti linaloweza kuchapa msimamo wa ligi kila Jumatatu linaweza kuchapa msimamo wa mahindi. Timu 16 kwa mikoa 16, nafasi ni ile ile.

Kukosa taarifa hizi kuna hasara kubwa kuliko kutojua tu. Mwaka 2011 na tena 2017 serikali ilizuia kuuza mahindi nje ya nchi. Sina nia ya kujadili leo kama ilikuwa sahihi au la. Ninachosema ni kwamba mkulima wa Rukwa aliyekuwa na magunia stoo hakuwa na namba ya wazi ya kushika mkononi na kusema: mashamba ya nchi nzima yanaonyesha hivi, kwa hiyo zuio hili lina sababu, au halina. Pasipo na hesabu ya wazi, anayeamua huamua kwa hofu, na anayeumia hulalamika kwa kubahatisha.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo naiona ina uzito. Ripoti za mwanzo wa msimu zinaweza kudanganya. Mei 2012 idara ya kilimo ya Marekani ilisema zaidi ya robo tatu ya mahindi yao yako katika hali nzuri au nzuri sana. Ukaja ukame, na kufikia Septemba yaliyobaki katika hali hiyo yalikuwa chini ya robo. Sasa ripoti ilikuwa na faida gani?

Faida yake ni kwamba kuanguka huko kulionekana wiki kwa wiki. Mfugaji aliona chakula cha ng'ombe kitapanda bei kabla hakijapanda. Mwenye kinu alijua atafute nafaka mapema. Mtu aliyejua Juni ana nafasi ya kufanya kitu. Anayejua Septemba anabaki kulipa. Namba ya wiki moja haina utabiri ndani yake, ni picha tu. Picha 20 zikifuatana unaanza kuona jambo linaelekea wapi.

Kuna jingine kule ambalo naona tungeliiga mapema. Bima yao ya mazao, serikali ya taifa na ya jimbo huchangia asilimia 60 ya malipo, mkulima anatoa 40. Bima kama hiyo haiwezekani bila kumbukumbu za miaka mingi za nani alipanda lini na akavuna kiasi gani. Kampuni gani itamkatia bima mkulima wa Kibaigwa kama hakuna mtu aliyewahi kuandika misimu yake? Daftari linatangulia, bima inafuata.

Basi pendekezo langu ni dogo. Tuanze na mikoa minne ya nyanda za juu kusini, msimu mmoja, kata chache. Maswali matano, yale yale kila wiki, majibu kwa ujumbe wa simu, matokeo hadharani. Wizara ikitaka iongoze, vizuri. Isipotaka, chuo kikuu kimoja na gazeti moja vinatosha kuanza. Wale 200 wa Saskatchewan ni watu wa kujitolea tu, na sijaona sababu ya kuamini kwamba Mbozi, Mbinga na Makete hakuna watu 200 wenye moyo huo.

Nyinyi mnasemaje? Hasa ninyi wenye wazazi wanaolima: mara ya mwisho kumpigia mzee simu ukamuuliza hali ya shamba badala ya kumwambia tu umetuma hela, ilikuwa lini? Mpigie wiki hii, muulize udongo ukoje. Halafu andika alichokujibu, na tarehe.